Gata, leseni na maji yasiyorudi tangini

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga maswali matatu ya kuuliza kabla mtambo wa nyuklia haujapewa leseni. Kassim aliyaandika kwenye karatasi, na karatasi imelowa.

KASSIM: Imelowa pembeni tu, inasomeka.

ZUHURA: Waambie ilikuwaje.

KASSIM: Mvua ya Jumanne. Paa la mita za mraba 100, mvua milimita 30 hivi, kwa hesabu ni lita 3,000. Tangi likapata kama 500. Zilizobaki zilipita nyuma ya gata, zikateremka na ukuta mpaka stoo.

ZUHURA: Gata! Sisi Mombasa tuna mlizamu, na mlizamu haufanyi hivyo.

KASSIM: Dada, bati likiwa fupi hata mlizamu wenu utafanya. Ncha ya bati inatakiwa iingie kama sentimita tano ndani ya mdomo wa gata. Fundi aliiacha inaishia juu ya ubao. Maji hayaanguki wima pale, yanang'ang'ania upande wa chini wa bati, yanageuka na kurudi ukutani. Haya, swali la kwanza kwenye karatasi…

ZUHURA: Hakuna swali la kwanza. Umeshaleta gata. Wanaotusikiliza wote wameshajua tunakwenda Levy.

KASSIM: Dakika tano basi, halafu tunarudi kwenye karatasi.

ZUHURA: Tano. Levy ni wilaya ya Florida, Marekani. Kampuni ya umeme iliomba leseni Julai 2008, vinu viwili aina ya AP1000 vya Westinghouse. Leseni ikatoka Oktoba 2016. Ndani ya miaka hiyo minane kuna mambo mengi, ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, ya 2011 imo, lakini mwishoni kabisa kilichokuwa kimekwama mezani kwa NRC, yaani tume inayosimamia nyuklia kule, ni gata.

KASSIM: Waeleze kwanza gata linafanya nini ndani ya kinu, maana mtu atadhani ni la paa.

ZUHURA: Eleza wewe, si ndiye mwenye gata?

KASSIM: Haya. Ukizima kinu, fuli, yaani mafuta ya nyuklia, inaendelea kutoa joto. Hilo ni joto la masalio, na halina swichi. AP1000 ina megawati 3,400 za joto ikiwa kazini. Siku nzima baada ya kuzimwa bado inatoa karibu nusu ya asilimia, tuseme megawati 17. Sasa umeme umekatika, pampu hazipo. Ndani ya jengo kuna tangi kubwa, zaidi ya lita milioni 2, na ndani ya tangi yamezama mabomba yaliyopinda kama herufi C. Maji moto ya kinu yanapanda, yanapita kwenye mabomba hayo, yanapoa, yanashuka kurudi kwenye kinu. Hakuna pampu, ni uzito wa maji baridi tu.

ZUHURA: Na tangi lenyewe linachemka.

KASSIM: Baada ya saa kadhaa linachemka. Mvuke unajaa kwenye jengo, ambalo ni debe la chuma lenye kipenyo cha karibu mita 40 na unene wa milimita 44. Nje ya debe kuna hewa inayopita, na juu yake tangi jingine linalomwagia maji ukuta kwa saa 72. Mvuke ukigusa chuma cha baridi unarudi kuwa maji, maji yanateremka na ukuta…

ZUHURA: …yanakingwa na gata, yanarudi tangini. Mzunguko umefungwa.

KASSIM: Kwenye mchoro umefungwa.

ZUHURA: Na kuna kitu nakipenda pale. Siku za kawaida gata lile halipeleki maji tangini. Linayapeleka kwenye shimo la maji machafu, kwa sababu unyevu wa kila siku ukutani hauutaki kwenye tangi safi. Kinu kikipata shida, vali mbili zilizofuatana kwenye bomba la kutolea zinajifunga, gata linajaa, maji yanafurika kuingia tangini. Ziko mbili ili moja ikikataa kujifunga, nyingine ifunge.

KASSIM: Ni kama ile koki ya kumwaga maji ya mvua ya kwanza, yale ya vumbi na kinyesi cha ndege.

ZUHURA: Ambayo hukuifunga Jumanne?

KASSIM: Niliifunga! Tatizo langu lilikuwa bati.

ZUHURA: Na la Levy lilikuwa bati pia. Usanifu ulichukulia kwamba sehemu fulani ya maji itarudi, kubwa, na haibadiliki. Lakini ukuta ule si laini. Kuna boriti ya duara inayobeba kreni, inazunguka debe lote. Chini yake kuna mkanda wa chuma wa kukazia. Halafu mabamba yaliyochomelewa ukutani kushikilia nyaya, mabomba na mifereji ya hewa. Tone likifika kwenye ncha ya bamba linaachia ukuta na kudondoka. Linatua vyumba vya chini, si kwenye gata.

KASSIM: Na likishafika vyumba vya chini halipandi tena.

ZUHURA: Halipandi. Piga hesabu ile.

KASSIM: Hesabu ya kalamu, siyo ya leseni. Megawati 17 zinachemsha karibu kilo saba na nusu za maji kwa sekunde, yaani tani 27 kwa saa. Ukipoteza asilimia 10 njiani, ni karibu tani tatu kwa saa. Ukipoteza 30, ni tani nane, na kwa saa 72 zinakaribia tani 600. Tangi lilikuwa na kama 2,000. Kina kinashuka, sehemu ya juu ya mabomba inabaki kwenye mvuke badala ya maji, upoaji unapungua. Na sharti liliandikwa: kinu kishuke mpaka nyuzi 216 za Selsiasi ndani ya saa 36.

ZUHURA: Tusiwatishe watu. Hakuna aliyesema fuli itayeyuka. Kuna njia nyingine ya kupoza: vali zinafunguka, shinikizo linashushwa, maji yanaingia kwa uzito wake. Lakini ukifika huko umemwaga maji ya kinu ndani ya jengo zima. Hakuna anayetaka kufika huko kwa sababu ya gata.

KASSIM: Dawa yake ilikuwa nini? Gata zaidi.

ZUHURA: Milizamu zaidi. Boriti ya kreni na ule mkanda vikageuzwa kuwa vya kukinga maji, yakawekwa mabomba ya kuteremshia, na gata la chini likaongezwa kupita juu ya mlango wa vifaa na mlango wa watu, kwa sababu pale ukuta umekatwa. Na ile namba ya kukisia ya maji yanayorudi ikaondolewa, ikaja ya vipimo. Ndiyo nayopenda kwa mdhibiti mzuri. Anashika namba moja na kuuliza: hii umeitoa wapi?

KASSIM: Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kwenye karatasi yangu.

ZUHURA: Umeona? Hatujapoteza muda.

KASSIM: Dakika kumi na mbili. Na Levy matatizo yalikuwa matano, si gata peke yake. Kipimo cha mionzi kwa watu wa chumba cha kuendeshea, joto la chumba hicho hicho, njia ya hidrojeni kutoka vyumbani, na mfumo wa kinga unaotambua nyutroni, chembe zinazopasua atomi, zikiongezeka maradufu kinu kikiwa kimezimwa. Yote matano yalitokea baada ya usanifu kupewa cheti Desemba 2011. Hapo ndipo ninapouliza: mtambo mwingine wa AP1000, Vogtle, ulipewaje leseni?

ZUHURA: Naona unakokwenda.

KASSIM: Vogtle, Georgia, Februari 9, 2012. Usanifu ule ule, gata lile lile. Kura nne kwa moja. Aliyekataa ni mwenyekiti wa tume mwenyewe, Gregory Jaczko. Alitaka leseni ibebe sharti linalofunga, kwamba marekebisho ya Fukushima yatakamilika kabla mtambo haujaanza kazi. Akasema hawezi kutia saini kana kwamba Fukushima haikutokea. Alikuwa sahihi. Wasiwasi unafungwa kabla ya saini, siyo baada.

ZUHURA: Na wale wanne hawakuwa wajinga. Walisema sheria inawapa uwezo wa kutoa amri wakati wowote, leseni iwepo isiwepo. Na wakatoa, Machi 12, mwezi mmoja baadaye: mikakati ya dharura na vipimo vya kina cha bwawa la fuli.

KASSIM: Mwezi mmoja! Si wangesubiri mwezi mmoja?

ZUHURA: Amri ilichukua mwezi, utekelezaji ulichukua miaka. Ukisema kila kitu kifungwe kwanza, hutapata leseni milele, kwa sababu mhandisi mzuri haachi kupiga hesabu siku cheti kinapotoka. Tatizo la gata lilionekana kwa sababu watu waliendelea kuchimba. Na leseni ile si ruhusa ya kuwasha. Kuna lango la pili: orodha ndefu ya ukaguzi na vipimo, na fuli haiingii mpaka tume ithibitishe yametimia. Vogtle 3, kinu cha tatu pale, ilivuka lango hilo Agosti 2022. Miaka kumi na nusu debe liko tupu, unaweza kuchomelea gata utakalo.

KASSIM: Ukaguzi ule unauliza kama gata limefungwa kama mchoro ulivyosema. Hauulizi kama mchoro ni sahihi. Gata baya lililofungwa vizuri linafaulu.

ZUHURA: Ndiyo maana kuna marekebisho ya leseni. Vogtle waliomba, wakabadilisha.

KASSIM: Wakiwa na zege limemwagwa, wafanyakazi maelfu wako kazini, na riba inahesabiwa kila siku. Unaniambia mdhibiti aliyekaa mbele ya mradi wa mabilioni ana ulimi ule ule aliokuwa nao mbele ya karatasi?

ZUHURA: Nakuambia NRC iliubana mradi ule mara nyingi zege likiwa limekauka. Na Levy, iliyofanya unavyotaka wewe, ikafunga yote matano kabla ya saini, haikujengwa. Mwaka 2017 kampuni ikaachana nayo.

KASSIM: Haikuachwa kwa sababu ya gata! Mkataba wa ujenzi walishauvunja 2014, gesi ilikuwa rahisi.

ZUHURA: Sijasema kwa sababu ya gata. Nimesema kusubiri kuna bei.

KASSIM: Na kutosubiri kuna bei. Chukua Kenya. Mtambo umetajwa Uyombo, Kilifi, watu wakakataa, sasa inatajwa Siaya. Mdhibiti wake ametokana na sheria ya 2019, mchanga bado. Mdhibiti mchanga akikubali «tutarekebisha baadaye», hiyo baadaye ataisimamia kwa nguvu gani?

ZUHURA: Na mdhibiti mchanga akijidai kufunga kila kitu peke yake kabla ya saini, atatia saini asichokielewa. Afadhali masharti machache anayoweza kuyakagua kwa macho yake.

KASSIM: Sikubali.

ZUHURA: Najua. Na mimi sikubali.

KASSIM: Tumebakiwa na dakika mbili, na sijasoma swali la pili wala la tatu.

ZUHURA: La pili ni lipi?

KASSIM: Linahusu… wino umechuruzika. Nadhani ni mtetemeko wa ardhi.

ZUHURA: Hilo si la dakika mbili. Liweke. Fundi anakuja lini?

KASSIM: Jumamosi. Kabla hajapanda ngazi nitamwagia ndoo moja juu ya bati, aone mwenyewe maji yanapogeukia.

ZUHURA: Na kama umemlipa tayari?

KASSIM: Nusu tu, Zuhura. Nusu.