Simu Aliyopewa Petraeus: Qassem Soleimani na Sera ya Iran

Ndugu zangu, kila nikimtaja Qassem Soleimani, aliyekuwa kamanda wa Kikosi cha Quds, tawi la Walinzi wa Mapinduzi wa Iran linaloshughulikia mambo ya nje ya nchi, naulizwa lile lile: alikuwa na askari wangapi, makombora mangapi? Tuache kwanza kuhesabu silaha. Twende Iraq, mwaka 2008.

Basra kunawaka moto. Huku jeshi la waziri mkuu Nouri al-Maliki, kule wapiganaji wa Muqtada al-Sadr, shehe wa Kishia. Majeshi ya Marekani nchini humo yako chini ya Jenerali David Petraeus. Kiongozi mmoja wa Kiiraki anampa simu asome ujumbe. Maana yake ni hii: Jenerali, ujue kwamba mimi, Qassem Soleimani, ndiye ninayeshika sera ya Iran kuhusu Iraq, Lebanon, Gaza na Afghanistan. Tena balozi wetu Baghdad ni mtu wa Kikosi cha Quds, na atakayempokea ni wa huko huko. Petraeus mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya.

Mmesikia? Nchi nne, mtu mmoja! Wizara ya mambo ya nje haimo kabisa katika maneno hayo. Balozi, ambaye kwa kawaida ni mtu wa wizara, ni mtu wa kamanda.

Najua yupo hapa atakayesema mwamuzi alikuwa Ali Khamenei. Naam, neno la mwisho lilikuwa la Kiongozi Mkuu, sibishani. Lakini Khamenei hakuwa akisafiri kwenda Baghdad, Beirut na Damascus. Aliyekwenda, akakaa na wakubwa wa huko wakala pamoja, akajua nani kagombana na nani, akarudi Tehran na habari, ni Soleimani, kwa zaidi ya miaka 20. Anayeleta habari peke yake huwa ameshaamua nusu ya jambo.

Mnataka ushahidi mwingine? Februari 2019 Bashar al-Assad, rais wa Syria wakati huo, alifika Tehran. Soleimani alikuwepo kwenye mazungumzo. Waziri wa mambo ya nje wa Iran, Javad Zarif, hakuarifiwa! Usiku huo akatangaza kujiuzulu kwenye Instagram. Rais Rouhani alimkatalia, Zarif akarudi kazini, lakini dunia ilishaona.

Sasa nikimbie, muda unanibana. Tarehe 3 Januari 2020 Wamarekani wakamuua karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad, pamoja na Abu Mahdi al-Muhandis, kiungo wake mkubwa kwa makundi ya wapiganaji ya Iraq. Esmail Qaani akapewa kikosi kile kile, ila uzoefu wake mkubwa ulikuwa upande wa Afghanistan. Cheo kilirithiwa, urafiki wa miaka 20 haukurithiwa. Mtasema Wahouthi, wapiganaji wa Yemen wanaoungwa mkono na Iran, wameendelea. Ndiyo, kwa sababu wana mizizi yao wenyewe Yemen. Assad, aliyesimama kwa nguvu za wengine, alianguka Desemba 2024 chini ya wiki mbili baada ya waasi kuanza kusonga mbele.

Na hili ndilo linaloniuma, wala sitaacha kulisema. Oktoba 2019 vijana wa Iraq waliingia barabarani kudai ajira, umeme na serikali isiyopangiwa mambo na wageni. Waliuawa kwa mamia. Novemba, ubalozi mdogo wa Iran mjini Najaf ukachomwa moto huku watu wakipaza sauti: Iran, nje! Hawakuwa Wamarekani wale, wala Daesh, lile kundi la Dola la Kiislamu. Walikuwa Mashia wa Najaf, wale wale ambao Soleimani alisema anawalinda.