Simba Anazaa

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za mchana.

Mvua ikinyesha huku jua linawaka, kwenu mlisemaje? Naam, "simba anazaa." Mama pale nyuma anasema "fisi anazaa." Hujakosea, mama. Ethiopia nao humtaja fisi.

Utotoni kwetu neno hilo lilikuwa tangazo. Tulitoka mbio uani tukaloa, wala hakuna aliyetuita ndani, maana mvua hiyo haikawii kukatika. Bibi yangu alitukataza kelele tu: mzazi hasumbuliwi. Nami niliamini kabisa kwamba porini, dakika ile ile, kuna mtoto anapokewa.

Wazulu wanasema umshado wezinkawu, harusi ya tumbili. Wajapani nao wana harusi ya mbweha, bibi harusi akisindikizwa kwa mumewe. Mwaka 1957 mtafiti wa Kifini, Matti Kuusi, alichapisha kitabu kizima kuhusu misemo ya namna hii, aliyoikusanya pande nyingi za dunia. Kitabu kizima, jamani, juu ya mvua ya kupita!

Kisayansi habari ni fupi: wingu halijafunika anga yote, jua linapenya pembeni. Likiwa chini, asubuhi au jioni, lipe mgongo utazame upinde wa mvua.

Kinachonishika mimi ni hiyo shughuli. Kwa nini harusi? Kwa nini uzazi? Naona ni kwa sababu humo ndimo chozi na furaha hukutana. Mama wa bibi harusi analia, na vigelegele anapiga yeye yeye. Sisi tukachagua uzazi, tena wa simba. Simba jike akikaribia kuzaa hujitenga na kundi, akawaficha watoto wake kichakani kwa wiki kadhaa. Hata simba wenzake hawawaoni. Waliotunga msemo huu waliishi jirani na simba, na nadhani walilijua hilo. Uzazi usio na shahidi, habari yake italetwa na nani kama si mbingu?

Juzi mvua hiyo ilinyesha, mjukuu wangu akakimbilia kufunga dirisha. Nikalifungua tena. Nikamnong'oneza kwamba simba anazaa. Akatoa mkono nje, akaukinga, akaniuliza naye kwa kunong'ona: "Wangapi?"