Ngozi Haishiki Sikio

Wauguzi, matabibu, wanafunzi wetu, na wazazi mliofunga safari kuja hapa mjini, asanteni. Kabla sijasema lolote, kila mmoja ashike sikio lake. Na wewe mzee pale nyuma, vua kofia kidogo. Pitisha kidole kwenye ukingo wa juu, kisha kiteremshe kwa ndani. Utakuta bonde dogo, halafu tuta. Tuta hilo ndilo lililonileta. Mwaka jana nililisema, mwaka juzi nililisema, na nitaendelea hadi niache kuletewa watoto walioharibiwa.

Mtoto mwenye masikio yaliyochomoza, yule ambaye wenzake wanamwita "dishi", mara nyingi tuta hilo hana, au analo hafifu sana. Mkipima urefu wa sikio mtakuta halijawazidi wenzake. Gegedu lake, ile nyama ngumu inayonyumbulika inayolipa sikio umbo, halikujikunja tumboni mwa mama, basi.

Niliwahi kuletewa kijana wa miaka 11 na bibi yake, kutoka upande wa Kongwa. Ilikuwa Oktoba, mnalijua jua la Oktoba, na kijana amevaa kofia ya sufi hadi kwenye nyusi. Bibi akaniambia, "Baba, walimkata wakamshona, miezi michache yakarudi vilevile." Nikamwomba kijana ruhusa, nikamvua kofia. Nyuma ya kila sikio palikuwa na kovu pana. Waliondoa ngozi, wakavuta, wakashona. Gegedu halikuguswa. Ngozi inavutika, jamani! Gegedu ni kama mti mbichi, ukiuachia unarudi ulikokuwa. Nikaweka kidole nyuma ya sikio nikalisukuma taratibu kuelekea kichwani, na tuta likajichora palepale. Bibi akasogea karibu: "Kumbe lipo!" Lipo, bibi. Lilikuwa linasubiri mtu alikunje. Ila sasa ngozi ya nyuma ilikuwa imepungua, na upasuaji wa pili ukawa mgumu kuliko ambavyo wa kwanza ungekuwa.

Na jambo hili si geni. Daktari Ely alifanya upasuaji wa masikio ya namna hii kule New York mwaka 1881, na mwaka 1910 daktari mwenzake Luckett akaonyesha wazi kwamba kasoro ni mkunjo uliokosekana. Imepita miaka zaidi ya 100, na bado mtu anashika kisu anakata ngozi peke yake!

Njia mnazopaswa kuzijua ni hizi. Daktari Mustardé alieleza mwaka 1963 jinsi ya kupitisha nyuzi zisizoyeyuka kwenye gegedu kwa nyuma, unazikaza kidogo kidogo huku unatazama tuta likiinuka mbele. Usikaze kwa pupa, sikio litabanwa kichwani lionekane limegundishwa. Gegedu likiwa gumu, kama la mtu mzima, unalikwaruza kwa mbele: likikwaruzwa upande mmoja linajipinda kuelekea upande wa pili. Stenström ndiye aliyeitumia sifa hiyo. Wapo wenye tuta zuri lakini kikombe cha sikio, lile bakuli linalozunguka tundu, kimezama sana. Hao tunafuata njia ya Furnas ya mwaka 1968, tunashona kikombe kwenye utando mgumu wa mfupa wa nyuma ya sikio. Ukikivuta kuelekea mbele unabana tundu la sikio, kwa hiyo vuta kwenda nyuma.

Najua kuna anayenong'ona kwamba Mungu ndiye aliyeumba, sisi ni nani. Ndugu yangu, mababu zetu wa Kigogo walitoboa masikio wakapanua ndewe zikaning'inia, na hawakumkufuru Mungu. Sikio limeguswa na mikono ya watu hapa Ugogo tangu zamani. Mimi simlazimishi mtoto anayeyapenda masikio yake, naye asiguswe. Namzungumzia anayelala na kofia.

Muda unakwisha. Umri mzuri ni miaka 5 au 6: sikio limekaribia ukubwa wa utu uzima na gegedu bado laini. Mtoto mdogo ni nusukaputi, mtu mzima ganzi inatosha. Baada ya upasuaji, mgonjwa akilalamika sikio moja linauma kuliko la pili, usimpe paracetamol ukaenda zako. Fungua bendeji, huenda damu imejikusanya chini ya ngozi, na ikiachwa gegedu linaharibika. Keloidi, lile kovu linaloendelea kukua: uliza kabla ya kukata, tazama hata matundu ya hereni. Ngozi zetu zina tabia hiyo kuliko za Wazungu.

La mwisho, wauguzi wa wodi ya wazazi, ni lenu. Wiki za mwanzo gegedu la kichanga ni laini kwa sababu homoni ya mama bado imo kwenye damu yake. Ukiliwahi, kijiti laini na plasta vinaweza kulikunja bila kisu. Ukisubiri miezi, umechelewa. Kila mtoto anapozaliwa mnahesabu vidole, tazameni na masikio.

Kina mama wenye vichanga msiondoke. Sogeeni hapa dirishani penye mwanga, tuanze na huyu wa wiki 2.