Mto Haujafa, Umelala Mchangani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti amenipa nusu saa, nami naanza na hii ndoo. Ni ya lita 20, imejaa mchanga wa mto wetu Lukuledi mpaka mdomoni, mkavu, nimeuanika juani siku tatu. Chini nimeitoboa tundu, nikaliziba kwa kijiti. Wewe binti uliyekaa mbele, njoo na lile jagi la lita moja. Mimina polepole, na kila jagi hesabu kwa sauti tusikie wote.

Mwaka huu maji yamepungua kuliko nilivyozoea kuona. Pale chini ya daraja, ambapo Oktoba huwa tunavuka maji yakitufika magotini, safari hii tulipita na viatu. Nilishuka mtoni asubuhi na wanafunzi kumi na wawili, tukatembea humo ndani mpaka adhuhuri. Kila tuliyemkuta ukingoni neno lake ni moja: "Mwalimu, mto umekufa." Neno hilo silitaki. Nimelikataa darasani, nimelikataa kwenye mikutano ya kijiji, na leo nalikataa tena.

Ngapi? Tatu? Endelea, mwanangu.

Kwenye kona moja tulimkuta bibi amepiga magoti mchangani, anachimba kwa mikono. Shimo lake upana wake kama ungo. Juu mchanga ulikuwa mweupe, unaunguza nyayo. Shubiri moja chini ukageuka kahawia. Mkono ulipozama mpaka kiwiko, kuta zikaanza kumomonyoka, akazizuia kwa fito na majani. Ulipozama mpaka begani akaacha kuchimba, akakaa. Vijana wangu wakataka kumsaidia kuchimba zaidi, akawakataza: "Subirini, yanakuja yenyewe." Na kweli, maji yakajikusanya. Ya kwanza yalikuwa na tope, akayachota akayamwaga. Ya pili vilevile. Ya tatu yakatulia, ukaona chembe za mchanga chini yake. Akashika kifuu chenye mpini, akajaza ndoo, kifuu kwa kifuu. Mwanafunzi mmoja alitega saa: ndoo moja, dakika 22.

Sasa maji yale yametoka wapi, kama mto umekufa? Ni mvua ya masika iliyopita. Jua linakausha mchanga wa juu, lakini ukishapita kina cha mita moja hivi, nguvu yake imekwisha. Mto umeshuka ghorofa ya chini, ndipo ulipolala.

Saba? Na maji yamesimama juu? Basi, acha. Mmeona wenyewe: ndoo iliyokwisha kujaa mchanga imekunywa lita saba. Ni theluthi. Haya, tupige hesabu. Kyubiki moja ni lita 1,000. Fuso la kyubiki tano likiondoka na mchanga, limeondoa mahali pa kukaa maji zaidi ya lita 1,500. Hizo ni ndoo 75 za bibi yule, kwa safari moja ya gari. Hatua mia mbili tu kutoka kisimani kwake tulikuta shimo la malori, limechimbwa mpaka mwamba. Mle ndani hamna hata tone.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, tutajengea nini?" Jengeni. Ombeni kibali, chukueni upande wa ndani wa kona, ambako mto unamwaga mchanga kila masika, na msifike kwenye mwamba. Mtaniambia pia mchanga unarudi wenyewe. Unarudi nini? Vilima vikiwa vitupu, kinachorudi ni tope, na udongo wa mfinyanzi unashika maji lakini hauyaachii. Na yule anayesema hali ya hewa ndiyo yenye makosa yote, mimi sibishi kwamba imebadilika. Lakini mito yetu kupwa si jambo la leo. Machi 1861 Livingstone alipanda Ruvuma kwa meli yake, Pioneer. Hakufika hata kilomita 60, maji yakapungua, akageuza. Kupungua tumekuzoea. Kuchimba mpaka mwamba ndiko kugeni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema habari za bustani ukingoni. Basi sheria ya mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto, nendeni mkazipime. Walio upande wa Mahiwa na Nyangao, pale walipigana Waingereza na Wajerumani Oktoba 1917. Mtoto akiona chuma cha ajabu mchangani asikiguse, aje amwite mtu mzima. Na vyungu vya kale msiviuze. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa na sheria ya mambo ya kale, toeni taarifa. Mengine siku nyingine.

Jumamosi, kabla mvua hazijaanza, natembea tena, kuanzia darajani kwenda chini. Nataka kila kisima cha mchangani kiandikwe: kiko wapi, kina kina gani, ndoo inajaa kwa dakika ngapi. Najua ni msimu wa korosho. Hata watu watano wananitosha.

Binti, chomoa kijiti. Tega jagi. Mama zangu wa nyuma, sogeeni muone. Moja. Tulia, lijae. Mbili. Angalieni yalivyo meupe. Tatu. Nne, na bado yanatiririka.