Rola au Treina: Ununue Kipi Kwanza?

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba, na najua swali lililowaleta wengi wenu: nikiwa na hela ya kifaa kimoja tu, ninunue rola au treina? Nalijibu mapema ili msikae mkisubiri. Kwa mwendesha baiskeli wa Dar es Salaam, anayetoka alfajiri kwenye Barabara ya Bagamoyo pamoja na daladala na bodaboda, mimi nasema rola kwanza. Na kabla ya rola, feni. Treina ifuate, isipokuwa kwa watu wa aina fulani nitakaowataja.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu vyenyewe. Rola ni fremu inayolala sakafuni, ina silinda tatu, mbili nyuma na moja mbele. Tairi la nyuma linakaa katikati ya zile mbili, la mbele linakanyaga ile moja, na mkanda unapeleka mzunguko kutoka nyuma hadi mbele ili magurudumu yote yazunguke. Baiskeli haijafungwa popote, unajishikilia mwenyewe. Treina yenyewe inaibana baiskeli. Ya bei nafuu inashika ekseli ya nyuma na kukandamiza silinda ndogo kwenye tairi, na ugumu unatokana na sumaku au mafuta mazito. Ya gharama inakutaka utoe gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo uuvalishe kwenye kaseti, yaani lile fungu la gia za nyuma, ya treina, na ndani yake kuna breki ya sumaku-umeme inayopokea amri kutoka kwenye simu au kompyuta.

Sasa kwa nini rola kwanza? Fikirini baiskeli inasimamaje. Ikianza kulalia kushoto, unageuza usukani kushoto kidogo mno, magurudumu yanarudi chini ya uzito wako, na safari inaendelea. Unafanya hivyo muda wote bila kujua. Barabarani ukikosea kidogo unahama sentimita thelathini na hakuna anayekuambia. Juu ya rola, upana wote ulionao haufiki nusu mita. Ukiyumba, unajua papo hapo.

Na hapa kwetu kuyumba ni jambo la uhai. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo ukitaka kuona kinachokuja nyuma unageuza kichwa juu ya bega la kulia. Jaribuni kumwangalia mtu asiyezoea akifanya hivyo. Kichwa kinageuka, bega linafuata, mkono wa kulia unavuta usukani, na baiskeli inaingia kulia, kule kule yanakotoka magari. Nimewaona waendeshaji wenye mapafu makubwa na miguu ya chuma wakifanya kosa hili kila asubuhi. Rola inalitibu. Ukishazoea kwenda sawa, anza kutazama ukuta wa nyuma kwa sekunde moja bila tairi la mbele kuhama. Halafu toa chupa ya maji, kunywa, irudishe. Halafu endesha kwa mkono mmoja. Treina inaweza kukupa mapaja, lakini haiwezi kukufundisha hili, kwa sababu imeshakushikia baiskeli.

Faida ya pili mtaisikia kwa masikio. Mtu anayekanyaga vibaya, anayesukuma pedali chini kwa nguvu kisha akaiacha ijipandishe yenyewe, rola yake inalia kwa mawimbi: vuum, vuum, vuum. Anayezungusha mguu vizuri, sauti yake ni moja iliyonyooka. Huhitaji sensa wala programu. Funga macho ya jirani yako, mwambie asikilize tu, atakuambia lini umechoka.

Najua kuna hofu. Watu wanaamini ukitoka kwenye rola utachomoka kama pikipiki na kuvunja kabati la vyombo. Haiendi hivyo. Mwili wako na fremu ya baiskeli havina mwendo wowote, ni magurudumu tu yanayozunguka, na magurudumu ni mepesi. Ukitoka, baiskeli inaruka hatua fupi na kulala upande. Unaweza kuumia goti au kiwiko, ndiyo, kwa hiyo anzieni kwenye korido au katikati ya fremu ya mlango, ukuta uwe karibu na mkono. Gia iwe ya kati, si nyepesi sana. Tazama mbele mita mbili tatu, usitazame tairi. Kanyaga kwa haraka ya kawaida, mizunguko 80 au 90 kwa dakika, kwa sababu baiskeli inayokwenda taratibu ndiyo inayoyumba. Kitovu cha gurudumu la mbele kikae juu ya silinda ya mbele au nyuma yake kidogo tu. Rola nyingi zinarekebishika urefu. Na mwenye tairi la meno, la baiskeli ya mlimani, avishe tairi laini, vinginevyo majirani watagonga mlango.

Kitu kimoja msidanganyike nacho ni spidi. Juu ya rola utaona kilomita 45 kwa saa na utajisikia bingwa. Hakuna upepo pale. Barabarani, ukishapita kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inakwenda kupasua hewa tu. Mmarekani mmoja, Charles Murphy, alithibitisha hilo tarehe 30 Juni 1899 kule Long Island, New York. Aliwekewa mbao katikati ya reli, akaendesha nyuma ya behewa la treni lililomkinga na upepo, na maili nzima akaimaliza kwa sekunde 57.8. Hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kwa miguu ya binadamu na baiskeli ya karne ya 19. Kwa hiyo ukiwa ndani pima mapigo ya moyo, spidi iache.

Niwatendee haki wenye treina. Kama umevunjika mfupa wa bega na daktari amekuruhusu kukanyaga lakini si kuanguka, nunua treina, rola ikusubiri. Kama unafanya mazoezi ya kukimbiza kwa nguvu zote, kusimama juu ya pedali na kukamua, treina ni salama zaidi, na rola nyingi hazina ugumu wa kutosha kwa kazi hiyo. Na kama unajiandaa kwa mbio za milima, hapo sina ubishi. Dar ni tambarare. Mpando wa dakika ishirini mfululizo hauupati mjini hapa, na anayetaka kwenda Lushoto, au Kigali, ambako mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Septemba 2025 kwa mara ya kwanza katika bara letu, lazima autengeneze mwenyewe. Treina ya kisasa inakuwekea mlima huo sebuleni na kukushikia wati ulizopanga, yaani kipimo cha nguvu unayokanyaga, hata ubadilishe gia. Kwa wengine hayo yameshakuwa mashindano kamili. Desemba 2020 ulifanyika ubingwa wa kwanza wa dunia wa baiskeli kwa njia ya mtandao, kila mshindani akiwa kwenye treina yake, na upande wa wanawake alishinda Mwafrika mwenzetu, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini.

Lakini treina ya namna hiyo inataka umeme. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, breki inalegea na mlima unatoweka. Rola haijali.

Sasa nirudi kwenye feni, maana hapa ndipo watu wa Pwani tunapoumia. Mwili wa binadamu ukiendesha baiskeli unageuza takriban robo tu ya nishati kuwa kazi ya pedali, zinazobaki zote ni joto. Ukikanyaga wati 200, unazalisha joto la wati 600 hivi, ndani ya chumba kilichofungwa. Nje, upepo wa mwendo wako unalibeba. Ndani hakuna wa kulibeba. Na jasho linapoza linapokauka juu ya ngozi. Linalodondoka sakafuni halijakusaidia kitu. Hewa yetu ya Februari na Machi imejaa unyevu, jasho halikauki, moyo unapanda dakika baada ya dakika ingawa pedali ni zile zile, na mtu anadhani hana pumzi kumbe anachemka. Weka feni ya kusimama mbele yako, ielekee kifuani na usoni, na dirisha la nyuma liwe wazi. Pangaboi la juu halitoshi. Kunywa maji yenye chumvi kidogo, na ukisikia kizunguzungu au baridi ya ajabu, shuka mara moja.

Jasho hilo hilo linakula baiskeli. Linadondokea kwenye skrubu za usukani na kuingia kwenye beringi za shingo ya fremu, na baada ya miezi michache fundi anakuta kutu tupu. Tandika taulo juu ya usukani, na ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji baridi.

La mwisho, kwa watakaonunua mtumba. Rola: zungusha kila silinda kwa mkono, isikilize, isikwaruze wala isiruke, kisha tazama mkanda kama umepasuka kingo. Treina ya kubana tairi: ulizia aina ya ekseli inayoshika, maana baiskeli nyingi mpya hazina ile ya zamani ya kubana haraka. Treina ya umeme: usitoe hela kabla hujaiona ikiwaka na kuunganika na simu yako wewe, si ya muuzaji.

Rola ziko pale kando ya ukuta, na baiskeli ipo. Mwenye viatu vya mpira aje, nitamshikia kiti mpaka aseme niachie.