Kipindi cha leo: Daktari au tabibu?

REHEMA: Karibuni. Leo aanze kaka Jumanne, maana tangu asubuhi hanyamazi.

JUMANNE: Dada, juzi nilimpeleka Mama zahanati. Kijana wa pale akamtazama ndani ya kope, akambonyeza ukucha hadi ukawa mweupe, akasubiri damu irudi. Kisha akauliza, "Mama, maji mnachota wapi?" Akaandika dawa, akasema, "Kisima kile kikibaki vilevile, utarudi." Njiani Mama ananiambia, "Daktari yule agombee udiwani."

REHEMA: Daktari, au tabibu?

JUMANNE: Ndio ubishi wetu mpaka leo! Ni tabibu, ana stashahada, si shahada ya udaktari. Mama hataki kusikia. "Aliyenishika mkono ndiye daktari wangu."

REHEMA: Mama kasema. Basi tuingie kwa Félix Houphouët-Boigny, rais wa kwanza wa Ivory Coast, daktari aliye...

JUMANNE: Daktari msaidizi!

REHEMA: Kaka, tumeanza.

JUMANNE: Si utani. Alimaliza chuo cha udaktari Dakar, Senegal, mwaka 1925, wa kwanza darasani, na bado cheo kikaishia "msaidizi", kwa kuwa ni Mwafrika. Hilo lilimkaa moyoni.

REHEMA: Mgonjwa mwenye homa kule Dimbokro, mji mmoja alikofanya kazi, haulizi cheo. Kwake ni daktari.

JUMANNE: Tabibu.

REHEMA: Haya, tabibu wako huyo akapelekwa mji wa Abengourou mwaka 1929, akakuta wakulima wa kakao wananyonywa bei. Mwaka 1932 akaandika gazetini kwamba tumeibiwa mno. Mwaka 1944 akaanzisha chama cha wakulima, 1945 akaingia bunge la watawala Wafaransa kule Paris, na Aprili 1946 ikapita sheria ya kufuta kazi ya shuruti. Fikiria mtu anayetolewa kwake kwenda kulima shamba la mlowezi, shamba lake mwenyewe linamea magugu. Sheria ile moja ilitibu wengi kuliko sindano zake zote.

JUMANNE: Hapo nakubali. Ninachokataa ni kumwita daktari wa taifa. Rais tangu 1960 hadi alipofariki 1993, chama kimoja mpaka 1990. Mwaka 1987 nchi inashindwa kulipa madeni, na kwao Yamoussoukro basilika, kanisa kubwa mno, inapanda.

REHEMA: Alisema fedha ni zake.

JUMANNE: Za rais wa miaka yote hiyo? Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja kuitabaruku mwaka 1990, akaweka na jiwe la msingi la hospitali kando yake. Houphouët akafariki hospitali haijasimama. Mtu aliyeanza na wagonjwa!

REHEMA: Nchi aliiacha bila vita. Majirani zake wangapi walipata hilo?

JUMANNE: Na vita ilikuja mwaka 2002. Kidonda alikifunga, hakukisafisha.

REHEMA: Sikubali. Makosa ya waliomfuata usimbebeshe marehemu.

JUMANNE: Na mimi sikubali kumsafisha marehemu.

REHEMA: Tulikuwa na mafunzo matatu kwa vijana wa afya wanaotaka siasa. Dakika zimebaki mbili.

JUMANNE: Yaache. Nimalizie ya Mama. Jana kaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa kuulizia kile kisima.

REHEMA: Akamwambiaje?

JUMANNE: "Daktari kasema kifunikwe."

REHEMA: Daktari?

JUMANNE: Kwa Mama, daktari. Kwangu bado tabibu.