Hifadhidata Inapojibu "Hakuna"

Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Nianze na ukurasa nilioutengeneza mwenyewe kwa ajili ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Mwanachama anaandika namba yake, anaona akiba yake. Basi mama mmoja aliyejiunga siku hiyohiyo, amelipa kiingilio tu, akafungua akakuta neno "Salio:" na mbele yake patupu. Alirudi ofisini mbio, ameshika risiti, akidhani kiingilio chake kimepotea.

Kosa lilikuwa langu. Nilijumlisha akiba kwa SUM, amri ya kujumlisha katika SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Mistari ya data isipopatikana, COUNT, ile ya kuhesabu, hurudisha 0, lakini SUM hurudisha NULL, yaani "hakuna thamani", na PHP, lugha niliyoandikia ukurasa, ikichapisha NULL huoni chochote. Ilitosha kuandika COALESCE(SUM(kiasi), 0), inayoweka 0 mahali pa NULL, na yule mama angeona sifuri yake, akarudi nyumbani kwa amani.

Hapa ndipo naomba tutulie. Swali kwa hifadhidata lililoshindwa na swali lililojibiwa "hakuna" ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukitumia mysqli, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, SELECT (amri ya kusoma data) iliyokwenda salama bila kupata mstari hukupa tokeo halali, kwa hiyo if ($tokeo) inapita vizuri tu. Kilicho sifuri ni num_rows, idadi ya mistari. Kwenye PDO, njia nyingine ya PHP ya kufikia hifadhidata, fetch (inayochukua mstari mmoja) hurudisha false mistari ikiisha au isipokuwepo, na fetchAll (inayochukua yote) hurudisha orodha tupu. Ukikimbilia $mtu['jina'] kabla hujauliza kama $mtu, yaani mstari uliouchukua, yupo, PHP 8 itakupa onyo, na mtumiaji atabaki na ukurasa wenye mapengo.

Mwambieni mtu kilichotokea. "Hakuna mwanachama mwenye namba 0417, tafadhali angalia kadi yako" ni jibu. Seva ya hifadhidata ikiwa imezimika, usimwambie hayupo! Mwambie mfumo una hitilafu, ajaribu baadaye. Na kabla ya kutafuta, pitisha namba kwenye trim, inayoondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni, maana nafasi moja iliyoponyoka mwishoni inaweza kumfanya mtu halali aonekane hayumo. Kwenye kuingia kwa nywila tu ndipo tunapoficha: usiseme kama jina ndilo halipo au nywila ndiyo si sahihi.

Sasa fungueni kompyuta. Tunafuta mistari yote kwenye hifadhidata ya majaribio, halafu tunapita ukurasa mmoja mmoja, tuone upi unanyamaza.